Tumemnyima mgeni jembe, sasa twamlaumu kwa kula bure

Ijumaa moja baada ya swala tulikaa barazani pale msikitini kwetu, kahawa ikizunguka. Mazungumzo yakaangukia kwa wakimbizi wa Burundi na Kongo. Kijana mmoja, mfanyabiashara wa simu, akasema kwa hasira: "Nchi hii si jalala. Kila wakigombana kwao wanakimbilia kwetu. Mipaka ifungwe, kwisha habari." Mzee aliyekuwa karibu naye akatikisa kichwa. "Mwanangu, mgeni hafukuzwi. Leo kwao, kesho kwako." Kijana akamjibu, "Sawa mzee wangu, lakini wewe unakaa Ilala. Ungekuwa Kasulu, kuni zako zinakatwa na kisima chako kinakauka, ungesema hivyo?"

Barazani wote wakanigeukia mimi. Walitaka niseme nani mkweli. Siku ile sikuwa na jibu la kuwatosheleza, maana niliona kila mmoja ameshika upande wa haki na kuuacha mwingine. Makala hii ni jibu langu kwao, na kwa ndugu msomaji ambaye bila shaka naye ameyasikia maneno haya kazini, kwenye daladala au nyumbani kwake.

Nilichokiona Shimoni

Kila nikisikia neno mkimbizi, mawazo yangu hayaendi Kigoma kwanza. Huenda Shimoni, kusini ya Mombasa, mwaka 2001.

Wasomaji wa umri wangu hawajasahau. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 yalitokea mauaji Unguja na Pemba kufuatia maandamano ya kudai uchaguzi wa haki. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Wapemba zaidi ya 2,000 walipanda majahazi na ngalawa, wakavuka bahari hadi pwani ya Kenya. Tanzania, nchi iliyosifika duniani kwa kupokea wakimbizi, ikawa nayo imetoa wakimbizi.

Wakati huo nilikuwa Mombasa kwa shughuli zangu. Msikiti niliokuwa nikiswali ulichangisha mchele, nguo na dawa, nami nikawa miongoni mwa waliopeleka. Tulivuka Likoni, tukashika barabara ya Ukunda, kisha tukakata kuelekea baharini. Pale Shimoni nilikutana na watu wanaozungumza Kiswahili kama changu, wanaofunga kanga kama dada zangu, wanaoswali kama mimi, lakini wamekaa chini ya turubai wakisubiri kuhesabiwa. Nilimsalimia mzee mmoja mvuvi kutoka Micheweni, nikamkabidhi mfuko wa mchele. Aliupokea, akashukuru, akaniombea dua. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, Allah akulipe. Lakini mimi sikuzoea kula cha kupewa. Kama mna uwezo, nitafutieni wavu."

Maneno yale hayajanitoka hadi leo.

Hebu tujiulize. Kama siku ile serikali ya Kenya ingesema kuwa hawa ni wahamiaji haramu, ikawapakia tena majahazini na kuwarudisha, sisi tungesemaje? Tungepiga kelele kuwa ni dhulma, na tungekuwa na haki. Basi mizani hiyo hiyo tuliyoitumia kwa ndugu zetu wa Pemba ndiyo tuitumie kwa Mrundi anayevuka mto Malagarasi na kwa Mkongo anayevuka ziwa Tanganyika. Mizani haibadiliki kwa kuwa mwenye kupimwa amebadilika.

Najashi alisikiliza kwanza

Sisi Waislamu si wageni wa jambo hili. Jamii ya kwanza ya Waislamu ilianza kwa ukimbizi. Mwaka wa tano wa utume, Maswahaba walioteswa Makka walivuka bahari ya Sham kwenda Habasha, kwa mfalme Najashi. Maquraishi wakatuma wajumbe wawili, Amr bin Al-As na Abdullah bin Abi Rabi'a, wakiwa na zawadi kwa mfalme na kwa wakubwa wake, wakitaka watu wao wakabidhiwe.

Tuangalie Najashi alifanya nini, kwa sababu humo mna somo la utawala. Hakuwakabidhi wakimbizi kwa kuwa tu serikali yao imewadai. Wala hakuwakubali kwa kuwa tu wamelia. Aliwaita pande zote mbili, akamuuliza Ja'far bin Abi Talib maswali, akasikiliza majibu. Aliporidhika kuwa watu hawa hawakuua wala hawakuiba, na kwamba wanakimbia kuteswa kwa ajili ya imani, aliwapa amani katika nchi yake na zawadi za Maquraishi akazirudisha.

Hapa kuna mambo matatu ambayo dunia ilikuja kuyaandika kwenye mikataba baada ya karne 13. Mosi, anayebisha hodi asikilizwe mwenyewe, asihukumiwe kwa kundi alilokuja nalo. Pili, asirudishwe kwenye hatari. Tatu, mwenye kupokea asinunuliwe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambao Tanzania ni mwanachama, yote imejengwa juu ya msingi huo wa kutomrudisha mtu kwenye hatari. Mkataba wa 1969 unaongeza jambo la hekima kubwa: kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, na nchi aliyotoka isilichukulie kuwa ni uadui.

Na lipo jambo jingine ambalo wengi wetu tunalipita haraka. Najashi siku ile alikuwa Mkristo, na waliobisha hodi walikuwa Waislamu. Hakuuliza dini yao ili aamue kama wanastahili kuishi. Nasema hivi kwa sababu nimewasikia baadhi yetu wakichangia kwa moyo mkunjufu wanapotajiwa Syria au Warohingya, lakini akitajwa Mrundi wanakunja uso. Warundi wengi si Waislamu, kweli. Lakini Maswahaba waliokula chakula cha Habasha walikula chakula cha nani?

Mlango uwe na bawabu

Sasa nimgeukie mzee wangu wa barazani, maana huruma peke yake haitoshi kuendesha nchi.

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi. Mji mzima ulihama kwa miguu kwa siku moja! Kambi ya Benaco ikawa kwa muda miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani. Tanzania ilifungua mlango, na ilifanya vyema kufungua. Lakini katika kundi lile, pamoja na akina mama na watoto, waliingia pia watu waliokuwa wameshika mapanga siku chache nyuma. Viongozi wale wa mauaji walijipanga upya ndani ya kambi, wakawa ndio wagawaji wa chakula na wasemaji wa watu, na waliotaka kurudi kwao wakatishwa. Desemba 1996 serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, walitangaza kwa pamoja kuwa wakimbizi wote wa Rwanda warejee kabla ya mwisho wa mwezi, na karibu nusu milioni wakarejeshwa, wengi wao chini ya usimamizi wa askari.

Tunajifunza nini? Kwamba mlango ulio wazi bila bawabu huleta siku moja ya kufukuza wote kwa pamoja, mwenye hatia na asiye na hatia. Kazi ya bawabu ni kutambua anayeingia, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kufunga mlango. Kila anayevuka aandikishwe. Silaha zichukuliwe mpakani. Mwenye tuhuma za mauaji atengwe na raia mara moja na afikishwe mbele ya sheria. Kambi ziwe mbali na mpaka kama mkataba wa 1969 unavyoagiza, ili zisigeuke ngome ya vita vya jirani.

Na bawabu mzuri hachanganyi watu. Mpakani kuna mkimbizi anayekimbia kifo. Kuna mtu anayetafuta riziki tu, huyu ana sheria yake ya uhamiaji. Kuna mhalifu. Na kuna yule tunayemsahau kila mara: mtu aliyeingia miaka 30 au 40 nyuma, akaoa, akazaa, akazika wazazi wake hapa. Mwaka 2013, kwanza kwa amri ya kuondoka kwa hiari na baadaye kwa Operesheni Kimbunga, makumi ya maelfu ya watu waliondoka au waliondolewa Kagera, Geita na Kigoma. Hapana shaka walikuwamo wahalifu na majambazi waliokuwa wakiwasumbua wananchi. Lakini waliondoka pia watu walioishi nchini kwa miongo, na familia zikakatika katikati, mke upande huu na mume upande ule. Wavu wa samaki wadogo ukitupwa, unakamata vyote. Najashi asingefanya hivyo. Yeye aliuliza kwanza.

Jembe la 1972

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kulitumia neno hili kumsema mgeni asiye na haya. Lakini tulisome vizuri: hawakusema siku ya tatu mfukuze, wala hawakusema siku ya tatu mfungie ndani umletee uji. Walisema mpe jembe. Jembe ni amri kwa mgeni, lakini pia ni wajibu kwa mwenyeji. Usipompa, huna haki ya kumlaumu.

Nchi hii iliwahi kulifuata neno hilo. Baada ya mauaji ya 1972 Burundi, takriban Warundi 150,000 walikimbilia kwetu. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa ardhi kwenye makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi. Kila familia ilipata shamba, mbegu na zana. Walifyeka misitu yenye mbung'o, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe, na ziada inauzwa. Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa nishani ya Nansen, ambayo hutolewa na UNHCR kwa waliowatumikia wakimbizi. Na mwaka 2010 serikali ilikubali kuwapa uraia takriban 162,000 kati ya watu wale na watoto wao, ingawa walisubiri vyeti hadi Oktoba 2014.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na wasomaji wa pwani. Somalia ilipovunjika mwaka 1991, walikuja kwa bahari hadi Tanga watu waliokuwa wakizungumza Kizigua. Mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka kwetu karne ya 19, wakauzwa Benadir, na vizazi vyao vikarudi wakiwa Waislamu na bado wanaikumbuka lugha ya babu. Walihifadhiwa Mkuyu, Handeni, kisha wakahamishiwa Chogo mwaka 2003, wakapewa mashamba, na baadaye wengi wakapata uraia. Je, kuna aliyesikia kuwa Wazigua wa Chogo wameiangusha nchi?

Linganisha na yaliyofuata. Kuanzia miaka ya 1990 sera iligeuka. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 na sera ya 2003 ziliwaweka wakimbizi kambini, na kutoka zaidi ya kilometa 4 bila kibali ni kosa. Nyarugusu, kule Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule leo ana watoto wake. Maisha yote hayo ni ya foleni ya unga. Kati ya 2018 na 2019 hata masoko ya pamoja, ambapo mkimbizi na mwenyeji walikuwa wakiuziana ndizi, nguo na sabuni, yalifungwa. Kisha mwaka 2023 wafadhili walipopungukiwa, mgao wa chakula ulikatwa hadi nusu. Mtu haruhusiwi kulima, haruhusiwi kuuza, haruhusiwi kutoka, na alichokuwa akipewa kimekatwa. Akiiba kuku wa mwenyeji usiku, tunasema wakimbizi ni wezi. Mwizi ni mwizi na aadhibiwe. Lakini nani aliyeifunga njia ya halali?

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina aliwaunga udugu Muhajirina na Ansari. Sa'd bin Rabi'i, Ansari tajiri, akataka kumgawia Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka, akaomba aelekezwe soko liko wapi. Akaanza kwa jibini na samli, na haukupita muda mrefu akawa na mtaji wake. Mvuvi wangu wa Shimoni hakuwa amesoma kisa hiki kwenye chuo kikuu, lakini aliomba jambo lile lile.

Kijana naye ana hoja

Sasa nimgeukie kijana wa simu. Alichosema kuhusu Kasulu ni kweli, na sisi wa mijini tuna tabia ya kuwa wakarimu kwa mali ya wengine.

Wakimbizi hawapangi Upanga wala Masaki. Wanaingia vijijini Ngara, Kibondo, Kakonko na Kasulu, kwa wananchi ambao wenyewe hawana maji ya kutosha. Mei 2015, Warundi walipokimbia tena, makumi ya maelfu walijaa kwenye kijiji kidogo cha Kagunga, kando ya ziwa, mahali pasipo na barabara. Kipindupindu kikazuka na kuua takriban watu 30, wakiwamo wenyeji. Ile meli kongwe ya MV Liemba ilibidi ifanye safari juu ya safari kuwatoa pale hadi Kigoma mjini. Wanakijiji wa Kagunga walitoa walichokuwa nacho. Nani aliwarudishia?

Kwa hiyo haki ya mwenyeji iandikwe kwenye mpango, isiwe fadhila. Kila kisima kinachochimbwa kambini, kingine kichimbwe kijijini. Zahanati iwahudumie wote. Nishati ya kupikia ipelekwe kambini, ili mama mkimbizi na mama mwenyeji wasikutane porini wakigombea kuni moja. Na viongozi wa vijiji waulizwe kabla, wasipewe taarifa baada.

Aidha, mataifa makubwa hayawezi kukaa kando. Tanzania ilipojitoa mapema mwaka 2018 kwenye mpango mpya wa Umoja wa Mataifa wa kuwahudumia wakimbizi, serikali ilitaja usalama na ukosefu wa fedha. Unaweza kutokubaliana na uamuzi ule, lakini hoja ya fedha haikuwa ya uongo. Nchi tajiri zinazojenga kuta kwao ndizo zinazotuhubiria sisi tufungue. Hata hivyo, ubahili wa tajiri haumfutii maskini wajibu wake. Jirani yetu Uganda si tajiri, lakini imepokea zaidi ya milioni moja na nusu, na sheria yake ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Wana matatizo yao, lakini jembe wametoa.

Nini kifanyike

Kwa muhtasari, haya ndiyo ninayoyaona.

Kwanza, anayekimbia kifo apokewe, awe wa dini yoyote na kabila lolote, na asirudishwe kabla ya kusikilizwa.

Pili, uandikishaji na upekuzi ufanyike mpakani siku ile ile, na wenye silaha watengwe na raia.

Tatu, baada ya miezi ya mwanzo ya dharura, mkimbizi apewe njia ya kujilisha: shamba pale penye ardhi, kibali cha kazi pale penye kazi, na soko la pamoja lililo chini ya usimamizi.

Nne, wenyeji wapate fungu lao linalojulikana katika kila msaada.

Tano, kurudi kwao kuwe kwa hiari ya kweli. Tangu 2017 Warundi wengi wamerejeshwa kwa utaratibu wa serikali mbili pamoja na UNHCR, na yapo mashirika ya haki za binadamu yaliyolalamika kuwa baadhi walirudi kwa shinikizo. Mtu anayerudi kwa kusukumwa hurudi tena mpakani mara ya pili, akiwa maskini zaidi.

Sita, tusuluhishe chanzo. Wapemba wengi wa Shimoni walirejea mwaka ule ule wa 2001, na Oktoba CCM na CUF wakatia saini Muafaka. Bila nchi jirani kutulia, kambi tutazifunga leo na kuzifungua kesho.

Na sisi Waislamu wa mijini tuna letu. Zakka ina fungu la mwana wa njia, na wapo wanazuoni wanaomuingiza mkimbizi humo. Misikiti yetu ya Dar es Salaam, Tanga na Mwanza huchangia maafa ya mbali, jambo zuri. Lakini ni mingapi iliyowahi kupeleka cherehani, majembe au vitabu Kasulu, kwa mkimbizi na kwa mwenyeji wake?

Mzee wa barazani yuko sawa kuwa mgeni hafukuzwi. Kijana yuko sawa kuwa mzigo usitupiwe mnyonge. Kosa letu ni kuwa tumewasikiliza wote wawili nusu nusu: tumempokea mgeni, tukamnyima jembe, na bili tukampelekea mwanakijiji wa mpakani.

Yule mzee wa Micheweni sikumpatia wavu. Nilikuwa na nauli ya kurudi tu mfukoni, na safari ya pili sikuenda. Namuomba Allah anisamehe, na atujaalie wakati mwingine tukibishiwa hodi tuwe na kitu mkononi zaidi ya mfuko wa mchele.

Wallahu a'alam.